Kusawazisha folda si kuhifadhi: Jinsi ya kuchagua njia salama ya kulinda faili

WALIMU, makarani wa vyama vya ushirika, wapiga picha na wenye maduka katika miji ya Kitale na Bungoma siku hizi huweka sehemu kubwa ya kazi zao ndani ya tarakilishi. Alama za wanafunzi, orodha za wakulima, picha za harusi na ankara za ushuru hukaa katika folda ambazo zaweza kutoweka kwa kosa la kidole kimoja.

Wengi hushauriwa kwamba dawa ya hatari hiyo ni programu ya kusawazisha folda. Hii ni programu inayohakikisha kwamba folda iliyo katika tarakilishi inafanana na folda nyingine iliyo kwenye diski ya nje, katika tarakilishi ya pili au katika hifadhi ya mtandaoni. Dawa hiyo ni nzuri, lakini kama dawa zote ina kipimo chake. Ikitumiwa vibaya, huweza kuangamiza kile kile kilichokusudiwa kuokolewa.

Kiini cha tatizo ni kwamba kusawazisha na kuhifadhi ni mambo mawili tofauti. Kusawazisha huuliza swali moja tu: Je, folda hizi mbili zinafanana? Kuhifadhi huuliza jingine: Je, kazi ya jana, ya mwezi uliopita na ya mwaka uliopita yaweza kupatikana leo? Folda mbili zinaweza kufanana kabisa, na zote mbili zikawa tupu.

Kosa nalo husafiri

Chukua mfano wa karani wa shule mjini Kitale ambaye folda yake ya alama za mitihani imesawazishwa na hifadhi ya mtandaoni. Akifuta alama za darasa moja kwa bahati mbaya, programu haitambui kwamba hilo ni kosa. Kwake, kufuta ni badiliko kama mabadiliko mengine, na kazi yake ni kuyapeleka mabadiliko upande wa pili upesi iwezekanavyo. Kabla karani hajaegemea kiti chake, nakala aliyodhani ni kinga imekwisha kufutwa nayo.

Hali ni hiyo hiyo iwapo faili itaharibika, au mtu ataandika tarakimu zisizo sahihi juu ya zilizo sahihi, au virusi vitaingia. Kuna virusi vya aina ya utekaji nyara, ambavyo hufunga faili zote kwa msimbo wa siri kisha mwenyewe akadaiwa kikombozi. Virusi vya WannaCry, vilivyozuka Mei 2017, vilienea katika mataifa zaidi ya 150. Faili zikifungwa namna hiyo, programu ya kusawazisha huona kwamba zimebadilika, ikazipeleka zilizofungwa zichukue nafasi ya zile nzima.

Hata watengenezaji wa Syncthing, programu ya bure inayosawazisha folda moja kwa moja kati ya tarakilishi na tarakilishi, wanawatahadharisha watumiaji katika maelezo yao kwamba haifai kutegemewa kama chombo cha kuhifadhi nakala za akiba, kwa sababu kila badiliko na kila ufutaji huenezwa kwenye vifaa vyote.

Hilo halimaanishi kwamba programu hizi zitupwe. Maana yake ni kwamba anayezichagua sharti ajue mambo matatu: faili zinaelekea upande gani, kinachofutwa huenda wapi, na hukaa huko kwa muda gani.

Faili zielekee upande mmoja

Programu nyingi za kusawazisha hutoa njia tatu. Ya kwanza ni ya pande mbili, ambapo badiliko lolote upande huu hufika upande ule, na la upande ule hurudi huku. Njia hii huwafaa watu wawili wanaofanya kazi moja katika ofisi mbili, lakini ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa anayetaka kuhifadhi. Kosa likitokea popote huenea kote, na watu wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, kazi zao hugongana.

Njia ya pili ni ya kioo. Faili hutoka kwenye folda ya kazi na kwenda kwenye hifadhi pekee, na hifadhi hufanywa ifanane na folda ya kazi kabisa. Njia hii ina nidhamu kuliko ya kwanza, ila nayo ina mtego. Kisichokuwako kwenye folda ya kazi hufutwa kwenye hifadhi. Iwapo diski yenye kazi haikuchomekwa vizuri, au Windows imeipa herufi nyingine, programu inaweza kukuta folda tupu ikadhani kwamba mwenyewe amefuta kila kitu. Hapo kioo kitaakisi utupu.

Njia ya tatu ni ya kuongeza bila kufuta. Faili mpya na zilizobadilika hupelekwa kwenye hifadhi, lakini hakuna kinachoondolewa huko. Ubaya wake ni kwamba hifadhi hujaa na kuwa na vitu vilivyopitwa na wakati. Uzuri wake ni kwamba faili iliyofutwa kimakosa haiondoki kwenye hifadhi, ingawa iliyoandikwa juu yake bado huweza kupotea.

Kwa mtu anayetaka usalama, uchaguzi mwema ni mwelekeo mmoja, kutoka kwenye kazi hadi kwenye hifadhi, pamoja na utunzaji wa matoleo ya awali. Kwa mpango huo, faili inapobadilishwa au kufutwa, ile ya zamani haitupwi bali huhamishiwa kwenye folda ya pembeni ikiwa na tarehe yake.

Programu ya FreeFileSync, ambayo hupatikana bila malipo, huruhusu mpangilio huo. Tena hulinganisha folda kwanza na kuonyesha orodha ya yatakayotendeka kabla ya kutenda. Orodha hiyo sharti isomwe. Mtu aliyeandika barua mbili siku hiyo akiona kwamba faili mia nne zinakaribia kufutwa, ana sababu tosha ya kusimamisha kazi na kuuliza.

Katika Syncthing, tarakilishi ya kazi huwekwa iwe ya kutuma pekee na ile ya hifadhi iwe ya kupokea pekee. Utunzaji wa matoleo huwashwa kwenye tarakilishi inayopokea, kwa kuwa programu hiyo hutunza matoleo ya zamani pale tu mabadiliko yanapotoka kwenye kifaa kingine. Anayeuwasha kwenye tarakilishi ya kazi pekee atadhani ana kinga ilhali hana.

Siku 30 ni chache

Hifadhi za mtandaoni zimewavutia wengi kwa kuwa kuanza ni bure. Google hutoa hadi gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya faili, barua pepe na picha. OneDrive ya Microsoft hutoa gigabaiti 5, nayo Dropbox 2. Hifadhi hizi zina pipa la taka, na faili iliyofutwa kwenye akaunti ya kawaida hukaa humo kwa siku 30 kabla ya kupotea.

Siku 30 zinamtosha mtu anayegundua kosa lake wiki hiyo hiyo. Lakini kazi nyingi za eneo hili haziendi kwa kalenda hiyo.

Muhula wa shule huchukua takribani miezi mitatu. Alama za majaribio zilizofutwa Januari huenda zisitafutwe hadi ripoti za wazazi zinapoandaliwa kuelekea Aprili. Katika Trans Nzoia, mahindi hupandwa kuanzia Machi na Aprili, na mavuno huanza karibu na Oktoba. Karani wa chama cha ushirika aliyeandika mwezi wa Machi ni nani alichukua mbegu na mbolea kwa mkopo, huenda asiifungue orodha hiyo hadi magunia yanapoanza kupimwa. Katika mashamba ya miwa ya Bungoma muda ni mrefu zaidi, kwani muwa huweza kuchukua miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa. Mkulima na anayemdai wakikosa kuelewana juu ya gharama ya kulima au mbolea, ushahidi utakuwa katika faili iliyoandikwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Wafanyabiashara nao wanabanwa na sheria. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 huwataka walipa kodi kutunza stakabadhi zao kwa miaka 5. Mwenye duka asiyeweza kuonyesha ankara zake hataokolewa na maelezo kwamba tarakilishi iliharibika.

Kanuni basi ni rahisi. Matoleo ya zamani yakae kwa muda unaozidi muda ambao mwenyewe anaweza kuchukua kabla ya kugundua kosa. Kwa shule, huo ni mwaka mmoja au zaidi. Kwa chama cha wakulima wa mahindi, ni msimu mzima na ziada. Kwa wakulima wa miwa, ni miaka miwili au mitatu, na kwa vitabu vya kodi ni miaka mitano. Nyaraka kama hizo hazichukui nafasi kubwa. Diski moja ya nje ya terabaiti moja inatosha karatasi za ofisi ndogo kwa miaka mingi. Picha na video ndizo hula nafasi.

Umeme, saa na flashi

Hatari nyingine hutokana na mazingira yenyewe. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na kusababisha nchi nzima kukosa umeme. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena katika sehemu kubwa ya nchi kwa saa nyingi. Kukatika huko kukitokea wakati faili inanakiliwa, nakala huweza kubaki nusu. Baada ya umeme kurudi, yafaa usawazishaji uanzishwe upya na kukaguliwa kabla ya kuaminiwa.

Magharibi mwa Kenya pia ni eneo la radi nyingi. Diski ya hifadhi inayoachwa imechomekwa kwenye tarakilishi mchana na usiku huweza kuungua pamoja nayo kwa pigo moja. Virusi navyo huifikia bila kizuizi. Diski ya hifadhi ichomekwe wakati wa kazi yake tu, kisha itolewe na kuwekwa mbali.

Lipo jambo dogo ambalo wengi hawalitazamii, nalo ni saa. Tarakilishi za mezani zilizotumika kwa miaka mingi huwa na betri ndogo ya ndani inayotunza tarehe. Betri hiyo ikifa na umeme ukakatika, tarakilishi huamka ikidhani kwamba ni mwaka wa zamani. Programu nyingi za kusawazisha huamua faili iliyo mpya kwa kutazama tarehe. Kazi iliyoandikwa asubuhi hii huonekana kuwa ya kale, na katika usawazishaji wa pande mbili, ya zamani huweza kuandikwa juu ya mpya. Kubadilisha betri hiyo na kutazama saa kabla ya kusawazisha ni kazi ndogo kuliko kuandika upya hesabu za mwezi.

Flashi nayo isifanywe hifadhi. Ni chombo cha kubebea. Hupotea mifukoni, huchoka upesi, na inapochomekwa katika tarakilishi za watu wengi kwenye vibanda vya kuchapisha hurudi na virusi. Aidha, flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Mpiga picha anayenakili video ndefu ya harusi atajikuta hana nakala yoyote ya faili hiyo.

Programu za hesabu zinahitaji uangalifu wa peke yake. Faili yake ikinakiliwa huku programu ingali wazi, nakala huweza kuwa na nusu ya miamala na ikakataa kufunguka. Ni heri kazi ifungwe jioni, ndipo usawazishaji uanze.

Nakala katika mji wa pili

Hata hifadhi iliyopangwa vyema ikikaa chumba kimoja na tarakilishi ya kazi, moto mmoja au mwizi mmoja hutosha kuviondoa vyote. Korea Kusini ilijifunza hilo kwa uchungu. Mnamo Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Hifadhi ya faili za watumishi wa umma iliyokuwa humo, yenye terabaiti 858, iliteketea. Haikuwa na nakala mahali pengine.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza katika miaka ya 2000 kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila faili, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali. Kwa biashara au shirika lenye tawi Kitale na jingine Bungoma, kanuni hiyo inatekelezeka bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza ni ile ya kazi. Ya pili ni diski ya nje iliyo katika kabati la ofisi hiyo hiyo. Ya tatu hukaa katika mji wa pili, kila tawi likilitunzia jenzake.

Swali ni jinsi ya kuifikisha. Folda ya gigabaiti 200 ikitumwa kwa mtandao unaopakia megabiti 2 kwa sekunde itachukua zaidi ya siku tisa, bila kuhesabu kukatika njiani. Diski ikibebwa na mtu anayeaminika kwa matatu kupitia Kiminini na Webuye itafika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nakala ya kwanza ibebwe kwa mkono, na mtandao uachiwe mabadiliko ya kila siku ambayo ni machache.

Wazo la kutuma sehemu zilizobadilika pekee si geni. Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walitoa programu ya rsync, ambayo hulinganisha faili za pande mbili na kutuma vipande vinavyotofautiana tu. Hadi leo hutumika sana kwenye tarakilishi za Linux. Nayo Syncthing hufanya kazi ya namna hiyo kwenye Windows, mradi tarakilishi za Kitale na Bungoma ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja.

Asiye na tawi la pili anaweza kutumia hifadhi ya mtandaoni kama nakala yake ya mbali, mradi asiifanye kuwa ya pekee. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora nchini Kenya na katika mataifa jirani. Aliyekuwa na faili mtandaoni tu alilazimika kungoja. Tena baadhi ya programu hizi huonyesha faili kwenye tarakilishi ilhali kilichopo ni jina tu, na faili yenyewe iko mtandaoni. Mpangilio huo sharti ubadilishwe kwa folda muhimu ili faili zikae pia kwenye diski.

Siri za watu

Diski inayosafiri kati ya Kitale na Bungoma huweza kubeba majina ya wagonjwa, nambari za vitambulisho vya wakulima au alama za watoto. Ikiibwa, hasara si ya mwenye ofisi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayesimamia taarifa za watu kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba taarifa zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika.

Kwa sababu hiyo, diski ifungwe yote kwa nywila kabla ya kutoka mlangoni. Programu ya VeraCrypt hufanya kazi hiyo bila malipo, na baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker ndani yake. Nywila iandikwe na kufungiwa mahali salama pasipo diski yenyewe, na watu wawili waijue. Diski iliyofungwa kwa nywila iliyosahaulika ni sawa na diski iliyoungua.

Jaribio ndilo hakimu

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi. Hifadhi isiyojaribiwa ni tumaini tu. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, alifuta folda ya data kwenye seva isiyo yake. Kampuni ilipogeukia nakala zake za akiba iligundua kwamba taratibu zilizotegemewa zilikuwa hazifanyi kazi. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa takribani saa sita kabla, na kazi ya saa hizo ikapotea. Ikiwa wataalamu walipatwa na hilo, ofisi yenye karani mmoja haina budi kujihadhari zaidi.

Jaribio halihitaji mtaalamu. Mara moja kwa mwezi, mtu achague faili tano kutoka kwenye hifadhi: moja ya wiki hii, moja ya mwezi uliopita, moja ya mwaka uliopita, moja iliyowahi kufutwa na moja kubwa kuliko zote. Azifungue kwenye tarakilishi nyingine na kuzisoma. Zikifunguka zote, hifadhi inafanya kazi. Moja ikikataa, ni heri kasoro ijulikane siku hiyo kuliko siku ambayo mzazi anasubiri ripoti au mkulima anasubiri malipo.

Anayechagua njia ya kusawazisha asianze basi kwa kuuliza ni programu ipi yenye kasi au ipi ya bure. Aulize kwanza: nikifuta faili leo na kugundua baada ya msimu mzima, nitaipata wapi? Njia inayojibu swali hilo kwa kutaja mahali na tarehe ndiyo salama. Isiyoweza kulijibu, hata ikiwa nyepesi namna gani, inahamisha faili tu.